Marcus Garvey: Meli zilimwangusha, rangi zake zikavuka mipaka

Lori la bidhaa linalotoka Nairobi kwenda Juba kwa njia ya Malaba na Elegu hupita chini ya bendera tatu kabla ya kushusha mzigo. Ya kwanza ni ya Kenya, ya pili ni ya Uganda, na ya mwisho, inayopepea Nimule, ni ya Sudan Kusini. Mfanyabiashara aliyechoshwa na foleni ya forodha huenda asiinue macho. Akiyainua, ataona kwamba ya kwanza na ya mwisho zinafanana kama ndugu wa tumbo moja: nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, na mistari myembamba meupe ikizitenganisha. Kenya imeweka ngao na mikuki, Sudan Kusini imeweka pembetatu ya buluu na nyota ya dhahabu. Msingi ni ule ule.

Anayekwenda upande wa kusini, akavuka mto Songwe kutoka Tanzania kuingia Malawi, atakutana nazo tena. Nyeusi, nyekundu na kijani, safari hii zikiwa na jua linalochomoza.

Rangi hizo tatu zilitangazwa kwa pamoja kuwa rangi za watu weusi wa dunia nzima tarehe 13 Agosti 1920, mjini New York. Aliyeongoza mkutano uliozitangaza hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa mpiga chapa kutoka kisiwa cha Jamaica, aliyebakiza siku nne atimize miaka 33, na ambaye hadi anakufa hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Jina lake ni Marcus Mosiah Garvey.

Wengi wanamkumbuka kwa hotuba na kofia zake za manyoya. Wafanyabiashara wana sababu nyingine ya kumkumbuka. Garvey alijaribu kuanzisha biashara ya meli kati ya Marekani, visiwa vya Karibi na Afrika kwa fedha za watu wa kipato kidogo, na akashindwa vibaya.

Mtoto wa fundi mawe

Garvey alizaliwa tarehe 17 Agosti 1887 katika mji mdogo wa St Ann's Bay, kaskazini mwa Jamaica. Baba yake alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe, mtu mkimya aliyependa vitabu na kesi za mahakamani. Mama yake alifanya kazi za nyumbani na kulima. Jamaica ilikuwa koloni la Uingereza, na utumwa ulikuwa umefutwa miaka 50 hivi kabla ya kuzaliwa kwake. Wazee waliozaliwa utumwani walikuwa bado wako hai.

Kijana huyo hakusoma sana darasani. Aliwekwa kwa baba yake wa ubatizo, aliyekuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji, akajifunza kupanga herufi za risasi na kuendesha mashine. Kazi hiyo ilimpa vitu viwili alivyovitumia maisha yake yote: mazoea ya kusoma kila kilichopita mezani, na imani kwamba karatasi iliyochapwa inaweza kufika mahali ambapo mwenye kuiandika hawezi kufika.

Alipohamia Kingston alipanda cheo hadi kuwa msimamizi katika kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1908 wachapaji waligoma kudai mishahara bora. Garvey, ingawa alikuwa upande wa wasimamizi, aliungana na wagomaji. Mgomo ulivunjika, naye akapoteza kazi.

Watu wasio na wa kuwatetea

Mwaka 1910 alikwenda Costa Rica, kama maelfu ya Wajamaica wa wakati huo waliotafuta riziki ng'ambo. Alipata kazi ya kuandika saa za vibarua katika shamba la ndizi la kampuni kubwa ya Marekani. Aliwaona watu wa kwao wakikata ndizi kwenye joto na malaria kwa ujira mdogo. Walikuwa raia wa himaya ya Uingereza, lakini alipopeleka malalamiko yao kwa konseli wa Uingereza hakuna kilichofanyika. Alipita Panama, ambako mfereji ulikuwa ukichimbwa kwa mikono ya watu weusi kutoka visiwani, na kila alipofika aliikuta hali ile ile. Hilo ni jambo ambalo kila anayefanya kazi au biashara nje ya nchi yake analielewa: unapodhulumiwa ugenini, swali la kwanza ni nani atakayekusemea.

Kati ya 1912 na 1914 aliishi London. Alifanya kazi katika jarida la Dusé Mohamed Ali, mwandishi mwenye asili ya Misri aliyechapisha habari za Afrika na Asia, na hapo alikutana na Waafrika waliomweleza hali ya makoloni. Pia alisoma maisha ya Booker T. Washington, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa na kujenga chuo cha ufundi huko Tuskegee. Garvey aliporudi Kingston Julai 1914, alishirikiana na Amy Ashwood kuanzisha Universal Negro Improvement Association, chama cha kuwaendeleza watu weusi duniani, kilichojulikana kwa herufi UNIA.

Jamaica haikumpokea kwa shauku. Machi 1916 aliingia New York akitarajia kukusanya fedha za kujenga chuo kama cha Tuskegee. Washington, aliyepanga kumtembelea, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Garvey alibaki Harlem, akahutubia kwenye pembe za mitaa, na katika miaka mitatu chama chake kikawa na matawi ndani na nje ya Marekani.

Mwaka 1918 alianzisha gazeti la kila wiki, Negro World. Hapo ule ufundi wa kijiji ukalipa. Gazeti lilisafirishwa na mabaharia weusi, likashushwa bandarini Karibi, Amerika ya Kati na Afrika. Serikali za kikoloni zililipiga marufuku katika nchi nyingi. Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mwaka 1926 mtu mmoja alifungwa miaka 3 kwa kuingiza nakala chache za gazeti hilo pamoja na la chama cha wafanyakazi wa Afrika Kusini.

Agosti 1920

Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa UNIA ulifanyika New York mwezi mzima wa Agosti 1920. Wajumbe waliandamana Harlem wakiwa na sare na bendi, na usiku wa tarehe 2 watu wapatao 25,000 walijaa katika ukumbi wa Madison Square Garden. Garvey alichaguliwa kuwa rais wa muda wa Afrika, cheo ambacho wapinzani wake walikicheka kwa sababu hakukuwa na Mwafrika aliyepiga kura barani.

Tarehe 13 wajumbe walipitisha azimio la haki za watu weusi duniani. Lilikuwa na vifungu 54. Vilizungumzia mishahara, shule, mahakama, kodi bila uwakilishi, na haki ya Afrika kuwa ya Waafrika. Kifungu cha 39 kilikuwa kifupi kuliko vingi: rangi za watu weusi ziwe nyekundu, nyeusi na kijani.

Jambo hilo lilikuwa na historia chungu. Miaka 20 kabla, mwaka 1900, Marekani ilikuwa imepata wimbo wa kejeli uliopendwa sana na wazungu, ambao utani wake wote ulikuwa kwamba kila taifa lina bendera isipokuwa watu weusi. Garvey aliuchukulia utani huo kwa uzito. Aliona kwamba mtu asiye na bendera hahesabiwi, na mtu asiyehesabiwa hudhulumiwa bila woga, kama alivyoshuhudia kwenye mashamba ya ndizi.

Maana ya rangi iliandikwa mwaka uliofuata katika kitabu cha mafundisho ya chama. Nyekundu ni damu ambayo watu wanapaswa kuimwaga kwa ajili ya ukombozi. Nyeusi ni rangi ya ngozi yao, rangi waliyofundishwa kuionea aibu. Kijani ni uoto wa ardhi ya mama, yaani Afrika.

Hata hivyo Garvey hakuwa na maelezo ya aina moja. Mwaka huo huo wa 1920 alimweleza mwandishi mmoja kwamba kijani ilikuwa pia ishara ya kuwaunga mkono Waayalandi waliokuwa wakipigana na Uingereza, na nyekundu ilikuwa ya kuwaunga mkono wanamapinduzi wa dunia. Alikuwa mtu wa kuangalia anaongea na nani.

Hisa za dola 5

Bendera peke yake haikumtosha. Garvey aliamini kwamba watu wasiokuwa na njia yao ya kusafirisha bidhaa wataendelea kupangiwa bei na wengine. Juni 1919 aliandikisha kampuni ya meli aliyoiita Black Star Line, kwa kuikwepa na kuijibu kampuni maarufu ya Uingereza ya White Star Line. Hisa moja iliuzwa dola 5, na waliruhusiwa kununua watu weusi tu.

Walionunua walikuwa wapishi, madobi, mahamali wa reli, vibarua wa Panama na wakata miwa wa Cuba. Haba na haba, makumi ya maelfu ya watu walitoa akiba zao, na kwa mwaka mmoja kampuni ikakusanya mamia ya maelfu ya dola. Kwa wengi wao, cheti cha hisa kilikuwa karatasi ya kwanza maishani iliyowaonyesha kuwa wamiliki wa kitu.

Tatizo lilianza siku ya kununua. Meli ya kwanza, Yarmouth, ilinunuliwa kwa dola 165,000. Ilikuwa imeundwa mwaka 1887, mwaka aliozaliwa Garvey mwenyewe, na ilikuwa imechakazwa kwa kubeba makaa. Kampuni haikuwa na mtu wake wa kuikagua na kusema bei halali. Baadaye ilibainika mahakamani kwamba nahodha wa kampuni alikuwa amegawiwa kamisheni na madalali waliouza.

Novemba 1919 Yarmouth iliondoka New York ikielekea Cuba na shehena ya saruji, ikiwa na nahodha mweusi, huku maelfu wakishangilia gatini. Kila ilikofika katika Karibi na Amerika ya Kati, watu waliacha kazi wakaja na maua na matunda kuiona. Kama ushangiliaji ungekuwa nauli, kampuni ingetajirika.

Januari 1920 ilichukua mzigo wa pombe kali wa kuharakishwa nje ya Marekani kabla sheria ya kupiga marufuku pombe haijaanza kutumika. Nauli iliyokubaliwa ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na thamani ya mzigo na hatari yake. Meli ilianza kuingiza maji muda mfupi baada ya kung'oa nanga, na sehemu ya shehena ikatupwa baharini. Katika safari nyingine ilipakia nazi Jamaica, tani zipatazo 700, zilizokuwa zikisubiriwa New York. Ofisi ikaagiza meli ipitie kwanza Philadelphia na Boston ili wanahisa waione na wengine wanunue hisa. Nazi zikaoza, na mwenye mzigo akadai fidia.

Anayejua kusafirisha nyanya kutoka Loitokitok au ndizi kutoka Mbarara hahitaji kuelezwa zaidi. Mzigo unaooza haungojei sherehe.

Meli nyingine mbili hazikuwa bora. Shadyside, boti ya kutembezea abiria mtoni, ilitoa hasara msimu mmoja na kuishia kuzama ukingoni mwa mto Hudson. Kanawha, iliyokuwa boti ya starehe ya tajiri mmoja, ilinunuliwa kwa dola 60,000, ikaharibikiwa mitambo mara kwa mara na mwisho ikatelekezwa katika bandari moja ya Cuba. Yarmouth yenyewe ilipigwa mnada mwishoni mwa 1921. Iliuzwa dola 1,625.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Vitabu vya hesabu vya Black Star Line vilikuwa ovyo, fedha za kampuni zilichanganywa na za chama na za gazeti, na watu waliajiriwa kwa uaminifu wao kwa Garvey kuliko kwa ujuzi wa meli. Wako waliomwibia, na serikali ya Marekani ilikuwa imeweka majasusi ndani ya chama chake. Kijana mmoja wa idara ya upelelezi, J. Edgar Hoover, alikuwa akitafuta kosa la kumfukuzia nchini tangu 1919. Lakini adui wa nje hakumnunulia Yarmouth.

Bahasha tupu

Januari 1922 Garvey alikamatwa kwa mashtaka ya kutumia posta kutapeli. Kampuni ilikuwa imechapisha tangazo lenye picha ya meli ya nne, na jina jipya likiwa limechorwa ubavuni, wakati meli hiyo ilikuwa bado haijanunuliwa. Tangazo hilo lilikuwa limetumika kuuza hisa.

Wakati anasubiri kesi alifanya jambo lililowaudhi hata marafiki. Alikwenda Atlanta kuonana na kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi lililokuwa likiwaua watu weusi, kwa hoja kwamba wote wawili hawakutaka watu weupe na weusi wachanganyike. Wapinzani wake weusi, akiwamo W. E. B. Du Bois, waliokuwa wakimshutumu kwa majivuno na uzembe wa fedha, sasa walikuwa na silaha kubwa zaidi. Baadhi ya viongozi weusi waliiandikia serikali wakitaka ashughulikiwe haraka.

Kesi ilisikilizwa kuanzia Mei 1923. Garvey alimwondoa wakili wake na kujitetea mwenyewe, akahoji mashahidi kwa siku nyingi na kumchosha kila mtu. Ushahidi wa shtaka lililomtia hatiani ulikuwa bahasha yenye muhuri wa Black Star Line iliyotumwa kwa mwanahisa mmoja. Ndani haikuwa na kitu. Shahidi hakukumbuka barua iliyokuwamo. Wenzake watatu walioshtakiwa naye waliachiwa. Yeye alihukumiwa miaka 5 na faini ya dola 1,000. Rufaa ilipokataliwa mwaka 1925, alipelekwa gereza la Atlanta.

Wanahisa hawakurudishiwa fedha zao. Hilo ni lazima lisemwe na kila anayemsifu. Lakini pia ni kweli kwamba wengi wao hawakumlaani. Waliandika maelfu ya barua kuiomba serikali imwachie. Novemba 1927 Rais Calvin Coolidge alifupisha kifungo, na mwezi uliofuata Garvey akapandishwa meli New Orleans na kurudishwa Jamaica. Hakuruhusiwa kuingia Marekani tena.

Njia ya kuja Afrika Mashariki

Wakati meli zikikwama, gazeti lilikuwa limeshafika. Jomo Kenyatta alimsimulia mwandishi wa Trinidad, C. L. R. James, kwamba mwaka 1921 wanaharakati wa Kenya wasiojua kusoma walimzunguka mtu aliyesoma Negro World, wakasikiliza makala mara mbili tatu mpaka wakaishika kichwani, kisha wakatawanyika kwenda kuirudia kwa watu wengine vijijini. Hivyo ndivyo maneno ya Harlem yalivyopita katika koloni bila kupitia posta.

Machi 1922 Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande na kodi kubwa, alikamatwa Nairobi. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiwe. Askari walifyatua risasi na kuua watu 21 kwa hesabu ya serikali, akiwamo Muthoni Nyanjiru aliyekuwa mbele akiwahimiza wanaume. Thuku alihamishiwa Kismayu. Kutoka New York, Garvey alimpelekea Waziri Mkuu wa Uingereza David Lloyd George simu ya maandishi kupinga mauaji hayo. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshashtakiwa na kampuni yake inakufa.

Garvey alihamia London mwaka 1935. Kenyatta alikuwa akiishi humo humo. Kiungo kikubwa zaidi kati ya harakati za Garvey na wanasiasa wa Afrika kilikuwa Amy Ashwood, mke wake wa kwanza ambaye walikuwa wameachana zamani. Mgahawa wake London ulikuwa baraza la kina Kenyatta, James na George Padmore, na walishirikiana naye kuitetea Ethiopia ilipovamiwa na Italia. Oktoba 1945, katika Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika mjini Manchester, alikuwa miongoni mwa walioketi kiti cha mwenyekiti. Kenyatta na Kwame Nkrumah walikuwa ukumbini.

Miaka 15 baadaye, chama cha KANU kilipoundwa Kenya mwaka 1960, kilichukua nyeusi, nyekundu na kijani. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 rangi hizo zilipandishwa Nairobi zikiwa bendera ya taifa. Maelezo yake yalikuwa karibu yale yale ya 1921: nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagwa kupigania uhuru, kijani ni ardhi. Kenya iliongeza mistari myeupe ya amani na umoja, kwa kuwa taifa lilihitaji pia kuwapa nafasi waliokuwa nje ya chama tawala, na ngao na mikuki ya kulinda kilichopatikana. Kwa Kenya, iliyokuwa imepigana kuhusu ardhi, kijani haikuwa tena uoto wa bara la mbali. Ilikuwa mashamba yenye mipaka na majina.

Malawi, ambako mtu alifungwa kwa kumiliki gazeti la Garvey, ilipandisha rangi hizo tatu tarehe 6 Julai 1964. Sudan Kusini ilizirithi kutoka kwa chama cha ukombozi cha SPLM na kuzifanya za taifa huru tarehe 9 Julai 2011.

Mwisho wa safari

Garvey hakuyaona hayo. Jamaica alianzisha chama cha siasa, akafungwa miezi mitatu kwa kuikosoa mahakama, akachaguliwa diwani wa Kingston akiwa gerezani, kisha akashindwa uchaguzi wa 1930 kwa sababu wengi wa wafuasi wake hawakuwa na mali ya kuwapa haki ya kupiga kura. Huko London alihutubia Hyde Park, mara nyingi mbele ya wasikilizaji wachache. Mke wake wa pili, Amy Jacques, aliyehariri na kuchapisha maandishi yake wakati akiwa gerezani, alikuwa amerudi Jamaica na watoto wao wawili.

Januari 1940 alipata kiharusi. Mwezi Mei magazeti yalitangaza kimakosa kwamba amekufa, na mpiga chapa huyo wa zamani akalazimika kusoma tanzia zake mwenyewe, nyingine zikiwa za dhihaka. Alifariki tarehe 10 Juni 1940, akiwa na miaka 52.

Nkrumah, aliyeandika kwamba hakuna kitabu kilichomwathiri kuliko cha Garvey, aliweka nyota nyeusi katikati ya bendera ya Ghana mwaka 1957, na shirika la meli la taifa jipya likaitwa Black Star Line. Mwaka 1964 mabaki ya Garvey yalirudishwa Kingston, naye akawa shujaa wa kwanza wa taifa la Jamaica. Sura yake imo kwenye sarafu ya dola 20 ya nchi hiyo. Nairobi ina barabara yenye jina lake, Kilimani. Januari 2025 Rais Joe Biden wa Marekani alimsamehe, karibu miaka 102 baada ya hukumu.

Bendera ya Jamaica yenyewe ina nyeusi, kijani na dhahabu. Nyekundu haimo. Nchi aliyozaliwa ilichagua rangi zake kwa njia yake, na rangi alizozitangaza zikashika mizizi mahali ambapo hakufika: kwenye milingoti ya Nairobi, Lilongwe na Juba, na juu ya vituo vya forodha ambako wachuuzi na madereva hupanga foleni kila alfajiri. Waliompa dola 5 walitaka meli za kubeba mizigo yao kwenda Afrika. Hawakuzipata. Bendera ilifika bila wao, na kazi ya kusafirisha mizigo chini yake imebaki kwa wengine.